Kombi ya breki za dramu: kipi ununue kipya, kipi ukarabati

Wenye Kombi za zamani, zile basi ndogo za Volkswagen, mnaijua hii. Ukishafungua gurudumu ukakuta breki shuu zimeisha, fundi wa kwanza anakupa orodha ndefu, shuu (vyuma vinavyobana), silinda (inayozisukuma kwa mafuta ya breki), dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu), springi, hosi (mpira wa kupitishia mafuta ya breki), vyote vipya, alafu ukienda kwa fundi wa pili anakwambia hamna haja ya gharama yote hiyo, dramu inakerezwa, shuu zinabandikwa lainingi mpya (ile ngozi ngumu inayosugua dramu), silinda inawekewa raba na safari inaendelea. Kila mmoja ana ukweli nusu. Mi msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwenye Kombi chuma cha zamani kikiwa kizima kibakize, mpira wote toa, na chochote kinachobeba mafuta ya breki usikifanyie ubahili. Sasa ntapitia kimoja kimoja nieleze kwanini, maana jibu halifanani kwa kila kifaa.

Jua kwanza una Kombi ipi

Naongelea zaidi T2 ile ya kioo kimoja cha mbele, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979. Brazil wao waliendelea nayo mpaka Desemba 2013, na kilichowasimamisha ni sheria ya kule iliyotaka magari yote mapya kuanzia 2014 yawe na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) na airbag, kwaiyo hata mwisho wa Kombi ulitokana na mambo ya breki pia.

Kombi za kabla ya Agosti 1970 zina dramu magurudumu yote manne. Kuanzia modeli ya 1971 mbele zikawekwa diski, nyuma zikabaki dramu. Kama kadi ya gari imeshapita mikono mingi na huamini mwaka ulioandikwa, angalia bolti za tairi: ya zamani zimekaa mbalimbali sana, duara lake ni milimita 205, ya kuanzia 1971 zimekaribiana, duara la 112 kama la Mercedes. Ila angalia na ndani pia, maana gari la miaka hamsini limeshabadilishwa vitu vingi na watu wengi.

Kwanini hili ni la kwanza? Kwasababu dramu ya nyuma ya zile za zamani ni kipande kimoja na habu (kitovu cha gurudumu), yani katikati ina meno yanayoingia kwenye ekseli na inashikwa na nati kubwa ya milimita 46 iliyokazwa kwa nguvu nyingi sana, zaidi ya Nm 300. Kuitoa unahitaji soketi yenyewe, bomba refu la kuongezea mkono, na gari liwe chini limewekewa mawe, usijaribu likiwa juu ya jeki. Za kuanzia 1971 dramu imetengana na habu, unatoa skrubu mbili basi inatoka. Sasa unaona tofauti: mwenye Kombi ya zamani akiambiwa anunue dramu mpya, anaambiwa anunue na habu ndani yake, ni ghali na inasumbua kupatikana, wakati mwenye ya 1975 ananunua bakuli la chuma tu.

Dramu: kukereza au mpya?

Hapa mi ni wa kukereza, kama vipimo vinaruhusu. Dramu ya Kijerumani ya enzi zile ni chuma kizito, imeshapata moto na kupoa mara nyingi sana, haitakupindia leo. Dramu mpya za bei nafuu zinazouzwa siku hizi zingine ni nzuri, zingine zinatoka kiwandani si duara kamili, ukishafunga ukakanyaga breki unasikia pedeli inapiga mguu, inasukuma inarudi. Kwaiyo mpya haimaanishi nzuri moja kwa moja.

Lakini kukereza kuna mipaka. Kila dramu ina kipenyo cha mwisho ambacho haitakiwi kuvuka, kimeandikwa kwenye dramu yenyewe au kwenye kitabu cha gereji cha gari hilo. Dramu ikikerezwa kupita pale inakuwa nyembamba, inashindwa kumeza joto, inatanuka haraka, na shuu lazima zitembee mbali zaidi kuifikia. Mkereza vyuma mzuri atapima kwanza kabla ya kuwasha mashine, na atapima sehemu zaidi ya moja, maana dramu inaweza kuwa yai bila wewe kuona kwa macho. Asiyepima kabla, chukua dramu zako uondoke.

Vitu vinavyoiua dramu hata kama kipenyo bado kipo: ufa wowote, hasa kwenye matundu ya bolti, meno ya katikati yaliyolika kwenye zile za kipande kimoja (ukiishika ukaizungusha kwenye ekseli inacheza, hiyo imekwisha, hata uikereze ing'ae vipi), na madoa ya bluu-nyeusi ambayo mashine inayaruka, yale ni chuma kilichounguzwa kikawa kigumu, ukikereza yanabaki kama vinundu. Hapo nunua mpya au tafuta used ya Kijerumani yenye afya, na mi ningetafuta used kwanza.

Na dramu za ekseli moja zikerezwe pamoja, kipenyo kimoja. Ukikereza ya kulia tu gari litavuta upande, labda si leo, ila siku ya mvua utalijua. Ukinunua mpya, ioshe ile oili ya kuzuia kutu kwa spiriti au dawa ya kuoshea breki kabla hujaifunga, wengi wanasahau hili alafu lainingi mpya zinalowa oili siku ya kwanza.

Shuu: kubandika lainingi kwenye za zamani au kununua seti?

Hili ndo lina mambo mengi kuliko yote, na ndo naona watu wanachagua kwa bei peke yake.

Shuu ni chuma kilichokunjwa, haichakai yenyewe, kinachoisha ni ile lainingi juu yake. Kwaiyo kuna mafundi wanatoa lainingi ya zamani na kuweka mpya, ama kwa riveti ama kwa gundi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na seti iliyoagizwa nje, na faida nyingine kubwa ni kwamba chuma cha shuu ni kile kile kilichotoka na gari, kinakaa sawasawa kwenye nafasi zake. Seti mpya za bei rahisi mara nyingine ncha za chuma zimekatwa vibaya kidogo, unalazimika kupiga tupa ndo ziingie kwenye adjasta (kile kinachosogeza shuu karibu na dramu).

Ubaya wa kubandika ni kwamba kila kitu kinategemea mkono wa mtu mmoja. Ya riveti ni salama zaidi kwa mazingira yetu, fundi yeyote mwenye vifaa anaifanya na ukiikagua unaona kazi yake kwa macho: riveti zimezama ndani ya lainingi, hamna ufa kuzunguka matundu, hamna iliyolegea. Tatizo lake, lainingi ikiisha hadi kwenye vichwa vya riveti vinaanza kuchora dramu mifereji, kwaiyo huwezi kuitumia hadi mwisho. Ya gundi unaitumia unene mwingi zaidi na haichori dramu mapema, ila gundi ya breki inahitaji kubanwa kwa nguvu na kupikwa kwenye oveni kwa joto lake na muda wake. Anayekwambia anabandika kwa gundi na inakauka juani, msalimie na uende zako. Lainingi ikibanduka ndani ya dramu gurudumu linaweza kujifunga ghafla au upande huo ukakosa breki kabisa.

Ukiletewa shuu zako, chukua fila geji nyembamba (bati la kupimia upenyo) ujaribu kuipitisha kati ya lainingi na chuma, hasa kwenye ncha zote mbili. Ikiingia popote, rudisha. Alafu fanya kipimo cha chaki: paka chaki ndani ya dramu, weka shuu kwa mkono, isugue kidogo kufuata mzunguko, toa uangalie chaki imeshika wapi. Ikishika katikati na kuelekea pembeni ni sawa, itajikalisha yenyewe baada ya muda. Ikishika kwenye ncha tu na katikati pakavu, hiyo itakuwa inauma ghafla na kupiga kelele, inatakiwa isagwe ilingane na dramu. Na kama dramu imekerezwa, mwambie fundi wa lainingi kabla hajaanza, kuna lainingi nene zaidi za kulipia kile kilichoondolewa, tena bora umpelekee na dramu yenyewe.

Seti mpya ya nje unaichagua lini? Kama huna fundi wa lainingi unayemwamini mjini kwako, au shuu zako za zamani zimeliwa na kutu, zimepinda, au tundu la pini ya hendibreki limepanuka. Hapo nunua seti tu, ila ulizia upana kabla ya kulipa, maana dramu za nyuma za T2 hazina upana mmoja miaka yote, na muuzaji akikwambia "hii inaingia Kombi zote" hajakwambia kitu. Beba shuu ya zamani mkononi ulinganishe pale pale dukani.

Kitu kimoja nakisema kwa msisitizo: lainingi za zamani, hasa zile zilizokaa na gari toka miaka ya sabini, nyingi zina asbesto. Uingereza waliipiga marufuku kabisa 1999, Ujerumani hata kabla ya hapo, ila vumbi lililopo ndani ya dramu yako halijui sheria. Usipulize na kompresa. Usipulize kwa mdomo. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa na kitambaa chenye unyevu, kitambaa kifunge kwenye mfuko ukitupe. Vijana wanaojifunza kazi gerejini ndo wanaovuta vumbi hili kila siku, na ugonjwa wake unakuja baada ya miaka mingi, kwaiyo hata kama gari si lako, waambie.

Silinda za magurudumu: raba au silinda nzima?

Hapa nageuka, mi nanunua mpya. Raba za kurekebishia ni bei ya soda chache na zinashawishi, najua. Lakini angalia kinachotokea ndani: mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, maji yanakaa chini kwenye silinda, gari limesimama uani miezi, chuma cha ndani kinapata vidonda vidogo vidogo. Ukiweka raba mpya juu ya vidonda, raba inaliwa na baada ya muda mfupi unarudi pale pale, isipokuwa sasa mafuta yameshavujia lainingi ulizozilipia juzi. Lainingi iliyolowa mafuta ya breki usihangaike kuichoma wala kuiosha na petroli, itupe, na utupe na za upande wa pili.

Kama silinda mpya hazipatikani kabisa, au ulizonazo ni zile za asili za Kijerumani zenye chapa ya ATE na unataka kuzitunza, kipimo ni hiki: fungua, safisha kwa spiriti, mulika na tochi ndani, pitisha ukucha. Ukucha ukipita laini, sugua ndani kidogo sana kwa mawe ya kusugulia silinda kuondoa uchafu, weka raba mpya. Ukucha ukikwama hata mara moja, basi. Kuna njia ya tatu ambayo ni nzuri ukiwa na mkereza mwenye akili, kuchonga ndani na kuingiza bomba la shaba au stenlesi lenye kipenyo kile kile cha mwanzo. Inadumu sana, ila si kila mji una mtu wa kazi hiyo.

Kipenyo kiwe kile kile, tafadhali. Silinda za miaka tofauti zinafanana kwa nje, ila ndani zina vipenyo tofauti, na kipenyo ndo kinachoamua nguvu kiasi gani inaenda nyuma na kiasi gani mbele. Ukiweka kubwa nyuma magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya mbele, na Kombi tupu kwenye lami yenye maji ikijifunga nyuma inazunguka. Soma namba iliyochongwa kwenye bodi ya silinda au pima na venia (kipimio cha vipenyo).

Wenye dramu mbele mjiandae kwa gharama zaidi hapa, kwasababu kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, sio moja, kila shuu ina ya kwake. Walifanya hivo ili shuu zote mbili zivutwe na mzunguko wa dramu na kujibana zenyewe gari likienda mbele, ndo maana dramu za Kombi zikisetiwa vizuri zinashika kwa nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ila ukirudi rivasi kwenye mlima utaona breki ni dhaifu, hiyo si ubovu, ndo zilivyo.

Wale wenye zile za kioo kilichogawanyika, hadi 1967, kabla ya kulaumu silinda nusa kwanza. Nyuma kuna boksi dogo la gia kwenye kila gurudumu na sili yake (raba ya kuzuia oili) ikichoka oili ya gia inaingia kwenye dramu. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya salfa, mafuta ya breki ni mepesi na yanakula rangi. Ukibadilisha silinda wakati kosa ni sili, umefanya kazi bure.

Hosi, bomba na springi

Haya nayapita haraka maana hayana ubishi. Hosi za mpira weka mpya zote, hata kama nje zinaonekana nzima. Hosi ya zamani inavimba ndani hadi tundu linaziba, mafuta yanapita ukikanyaga ila hayarudi ukiachia, gurudumu linabaki limeshikwa, watu wanafungua dramu mara tatu wakitafuta kosa ambalo liko kwenye hosi. Bomba za chuma zenye kutu, badilisha kwa zile za mchanganyiko wa shaba na nikeli, zinakunjika kwa mkono na hazioti kutu, mji wa pwani wenye chumvi hewani utaona faida yake. Springi, nunua seti, ni rahisi. Ukitaka kujua kama za zamani zimechoka tazama pingili zake, springi ya kuvutia ikiwa mapumziko pingili zinagusana, ukiona mwanga kati yake imeshachemka.

DOT 3, DOT 4 au DOT 5?

Hizi ni daraja za mafuta ya breki, na mi nachagua DOT 4. Mpya kabisa inachemka kwenye nyuzi joto 230 za Selsiasi, ikishavuta maji 155. DOT 3 ni 205 na 140. Tofauti hiyo ukiwa unazunguka Posta huioni, ukiwa unashuka Kitonga na abiria wanane utaiona, maana mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, pedeli inaenda hadi chini. DOT 5 ni ya silikoni, haivuti maji na haili rangi, watu wenye magari ya maonyesho wanaipenda, ila haichanganyiki na hizo nyingine kabisa, na kwa gari ambalo siku moja litatengenezwa porini na fundi atakayeongezea alichonacho, mi siioni kama chaguo. Yoyote utakayoweka, isiguswe na oili ya injini, dizeli wala petroli, hata kwa kuosha raba tu. Raba zinavimba na mfumo mzima unakuwa umekufa, hadi masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli).

Kusetia: hili halina la kuchagua

Unaweza kununua vizuri vyote hapo juu na gari lisisimame kwasababu hakuna aliyesetia. Legeza kebo ya hendibreki kwanza kabisa. Inua gurudumu, ingiza bisibisi bapa kwenye tundu la bamba la nyuma, zungusha nyota ya adjasta hadi gurudumu lisizunguke tena, kanyaga breki mara moja shuu zijiweke sawa, kaza tena kama imelegea, alafu rudisha meno matatu manne hadi gurudumu lizunguke huru na msuguano mdogo tu wa kusikika. Kila shuu ina nyota yake, usisetie moja ukaiacha nyingine. Ukimaliza yote ndo unarudi kwenye hendibreki. Kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Nati ile ya 46 ikikazwa na tundu la spliti pini (pini inayozuia nati isilegee) lisipolingana, kaza zaidi hadi lilingane, usiwahi kulegeza kulitafuta. Wiki ya kwanza usipakie mizigo mizito, na ukishatembea kilomita mia kadhaa fungua usetie tena.

Au niweke diski mbele kabisa?

Wenye za kabla ya 1971 wanauliza hili. Dramu ikipata moto inatanuka na kukimbia shuu, diski inapoa kwa hewa, kwaiyo kwenye miteremko mirefu kama Kitonga, Sekenke au ule wa kushukia Mai Mahiu, ukiwa na diski unabaki na breki hadi chini. Kama gari linabeba watalii au familia kwenye njia hizo kila mara, mi ningebadilisha. Kama ni gari la mjini na harusi za wikendi, dramu zilizosetiwa vizuri pamoja na gia ya pili kwenye mteremko zinatosha kabisa, na gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani, kitu ambacho mnunuzi wa Kombi ya zamani anakiangalia sana.

Ila piga hesabu nzima. Diski hazifungwi juu ya spindo (mhimili wa gurudumu la mbele) za dramu hivi hivi, unahitaji vipande vya mbele vya gari la 1971 na kuendelea, na masta silinda inayoendana navyo. Alafu habu zitakuja na bolti za duara la 112 wakati nyuma bado una 205, kwaiyo ama ubadilishe na nyuma, ama utembee na aina mbili za rimu na tairi za spea mbili ndani ya gari.